Sahihi Iwekwe Pale Penye Kazi: Maswali Yenu Kuhusu Vibali vya Kazi za Hatari

Assalaam aleikum wasomaji wetu. Tangu tulipotangaza ukurasa huu wa usalama kazini, barua nyingi zilizokuja ni za jambo moja, vibali vya kazi za hatari, yaani ile fomu inayojazwa na kutiwa sahihi kabla mtu hajawasha weldi, hajaingia ndani ya tangi, hajafungua bodi la umeme au hajafungua bomba lenye presha. Nimechagua sita. Baadhi nimezifupisha maana zilikuwa ndefu, na majina ya watu na ya sehemu za kazi nimeyatoa ili asije mtu akapata taabu kwa sababu ya kuuliza.

Mwalimu, mie msimamizi wa matengenezo kiwandani, upande wa Fumba. Vibali tunavyo, vitabu vimechapwa vizuri nakala tatu tatu. Lakini kila asubuhi mafundi wanajipanga foleni mlangoni kwangu, nasaini mpaka mkono unauma, mkandarasi anapiga simu, meneja anauliza mbona saa tatu hii kazi haijaanza. Watu wote washavichukia, wanasema vinachelewesha tu. Tufanyeje?

Ndugu yangu, nnavyoona mie foleni hiyo ina sababu mbili na zote zinatibika.

Ya kwanza, hapo kwenu kibali kinadaiwa kwa kila kitu. Anayepaka rangi ukuta kasimama chini anataka kibali, anayebadilisha kitasa cha mlango anataka kibali, na vikishakuwa vingi namna hiyo mkono unasaini macho hayasomi, halafu kile kimoja cha mtu kuingia ndani ya tangi kinapita katikati ya vile vya rangi na vitasa hakuna aliyekiona. Kaeni siku moja na mafundi wenyewe muandike kazi ambazo hapo kwenu hazianzi bila kibali: kazi yoyote ya moto na cheche, kuingia ndani ya tangi au shimo, umeme, kufungua mabomba ya mvuke au kemikali, kuchimba penye nyaya na mabomba chini, kunyanyua mizigo mizito kwa kreni, kazi za juu ambako mtu akiteleza haponi. Zilizobaki ziwe na utaratibu wake wa kawaida tu, watu wafanye kazi.

Ya pili ndo kubwa, na hii naisema kwa kila anayeniuliza: sahihi isiwekwe ofisini. Iwekwe pale pale penye kazi, mtoa kibali na fundi atakayeifanya wamesimama pamoja wanaangalia kitu kimoja. Nilipita sehemu moja, sitaitaja, kibali cha kuchomelea bomba la juu kimeandikwa “eneo limekaguliwa, hakuna vitu vya kushika moto”, kimesainiwa saa moja na robo ofisini. Nikenda kwenye bomba lenyewe. Chini yake pana paleti mbili za mbao na juu ya paleti madebe ya thina yamepangwa vizuri kabisa, moja kifuniko hakijakazwa, harufu unaisikia ukiwa hatua kumi. Watu wa stoo waliyaweka jana yake jioni maana pana kivuli. Hakuna aliyesema uongo kwa makusudi, yule aliyesaini alikuwa anaikumbuka sehemu ile ilivyokuwa wiki iliyopita, na fundi naye alijua karatasi ishasainiwa basi mambo yako sawa. Hivyo ndivyo watu wanavyoungua.

Sasa utaniambia nitazunguka saa ngapi kote huko. Hapa pana dawa nzuri, hamishia mipango jana yake. Kila siku alasiri, tuseme saa tisa na nusu, wakandarasi na wakuu wa vitengo waje na kazi zao za kesho, wakae dakika ishirini, muweke ramani ya kiwanda mezani muone nani atakuwa wapi. Hapo ndipo utagundua kuwa kesho huyu anachomelea juu na yule anapaka vanishi chini yake, au hawa wanajaribu presha ya bomba na wale wanapita pembeni yake na ngazi. Kila kibali peke yake kinaonekana salama, hatari iko katika kukutana kwao, na kukutana huko huwezi kukuona kwa kusaini kimoja kimoja mlangoni. Asubuhi ikifika maswali mengi yashajibiwa, kilichobaki ni kwenda kuangalia kama hali iko kama mlivyopanga.

Halafu usisaini peke yako vyote. Mwenye eneo, yaani mkuu wa boila au wa stoo au wa umeme, yeye ndo anajua kilichomo ndani ya mabomba yake, basi naye asaini kuwa amelisafisha na amelifunga. Fundi asaini kuwa ameelewa. Lakini anayefanya kazi asijipe kibali mwenyewe hata siku moja, hata akiwa bingwa.

Kibali kiishie na shifti. Nakala moja ibandikwe pale kazini ndani ya mfuko wa plastiki, nyengine ikae ubaoni kwako ili ukitupa jicho tu ujue vipi viko wazi. Na kazi ikisha kifungwe, maana vibali vingi naviona vimefunguliwa vizuri halafu vimeachwa tu, hakuna ajuaye kama kifuniko cha mashine kimerudishwa, kama spana zimetolewa, kama kufuli limeondolewa. Kufunga nako ni kwenda pale pale mukaangalia.

Ukitaka kujua kama mambo yanakwenda usihesabu karatasi. Mfate fundi yupo kazini muulize kwa upole, “hapa leo kinachoweza kukudhuru ni nini, na tumefanya nini juu yake?” Akikujibu bila kuangalia fomu, kibali chenu kinafanya kazi. Akikwambia “nimeambiwa nisaini”, simamisha kazi muanze upya pale pale.

Assalaam aleikum mwalimu. Mie fundi weldi, nafanya vibarua mahoteli ya Nungwi na Kendwa. Juzi meneja kaniita niunge nguzo ya chuma inayoshikilia paa la baa, paa lenyewe makuti. Nikamwambia tutafute maji na mtu wa kusimama, akanambia ni dakika tano tu wageni wanakuja jioni. Nikaifanya, alhamdulillahi hakikutokea kitu. Kazi ndogo kama hii nayo inataka kibali? Na wale wanaoniletea mapipa niwakatie, hayo je?

Waaleikum salaam mwanangu. Inataka, tena ya makuti inataka kuliko ya kiwandani, kwa sababu kiwandani sakafu ni zege na hapo ulipokuwa kilichokuzunguka chote ni kuni kavu. Zile dakika tano anazozisema meneja ni dakika za kuunga, moto wenyewe hauna mpango na dakika zako. Cheche inaruka, inaingia katikati ya makuti, inajikalia humo inafuka pole pole huioni wala huisikii, wewe ushafunga vifaa vyako ushapanda daladala, na ikipata upepo ndo inaamka. Msimu wa kaskazi makuti yamekauka na upepo unavuma kutoka baharini, likishika banda moja la pili linafata kabla watu hawajakubaliana ndoo ziko wapi.

Swali la kwanza la kibali cha moto ni je, lazima moto uwashwe hapa? Mara nyingi si lazima. Hiyo nguzo ungeweza kuweka jeki ya muda, ukaifungua, ukaenda kuiunga karakana, ukairudisha kwa bolti. Inachukua asubuhi nzima badala ya dakika tano, sawa, lakini hulali na wasiwasi. Ukiona kweli haiwezekani, basi kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kuondoa kila kinachoshika moto umbali wa mita 11 kila upande, na kisichoondoka kifunikwe kwa blanketi la moto. Makuti huwezi kuyaondoa, basi funika na loweka, loweka kweli kweli yachuruzike. Silinda za gesi za jikoni zitolewe mbali. Mpira wa maji uwe umeunganishwa na umefunguliwa umeona maji yanatoka kwa macho yako, maana hoteli nyingi pampu inategemea umeme na umeme ukikatika mpira ule ni pambo, kwa hiyo weka na mapipa ya maji na ndoo pembeni na mtungi wa kuzimia moto.

Na mtu wa kusimama, huyo mlinzi wa moto, asiwe na kazi nyengine yoyote. Asiwe ndo anakushikia nondo, asiwe anapokea simu za mapokezi. Macho yake juu. Ukizima mashine yeye anabaki, angalau saa nzima, na kwa makuti mie nashauri arudi tena baada ya hapo apande ngazi aguse kwa mkono, kama pana joto mahala pasipotakiwa kuwa na joto mwaga maji kwanza uulize baadae.

Najua kinachokuogopesha, ukimkatalia meneja atamwita mwengine. Basi usimkatalie tupu, mpe bei yenye vitu vyote hivyo ndani: blanketi, mlinzi, saa za kungoja. Mwandikie kwenye karatasi na asaini yeye kuwa eneo limeandaliwa. Mimi nimeona mameneja wengi wakishashika kalamu wasaini jina lao ndo wanaanza kuangalia juu kwenye paa.

Mapipa, mwanangu, yaache. Pipa tupu lililokuwa na petroli, dizeli au thina ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu ndani limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, huo ndo mchanganyiko unaolipuka. Na usidanganyike na dizeli kwamba haishiki upesi, ukilipiga moto chuma kinapata joto yale mabaki yaliyoganda pembeni yanatoa mvuke wewe mwenyewe ukiwa umelipakata. Kulisuuza kwa sabuni na kuliacha juani hakutoshi, na grenda nayo inatoa cheche kama weldi, usiseme “mie sichomi nakata tu”. Atakayekuja na pipa mwambie akatafute lililokuwa na maji au juisi.

Mwalimu, mie ni mke wa fundi, tuko Chake. Mume wangu na kaka yake wanachukua kazi za kusafisha makaro na matangi, mara nyengine visima. Wanateremsha kandili kwanza, isipozimika wanaingia. Mwezi huu shemegi katolewa kalegea, kichwa kinamgonga, siku mbili hali chakula. Nikisema naambiwa hii kazi ya wazee. Nimwambie nini mume wangu?

Dada yangu, ahsante kwa kuandika, na barua hii msomee kama ilivyo, tena waite wote wawili.

Ndugu zangu, kandili inakwambieni jambo moja tu, na hata hilo inachelewa kulisema. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5 hairuhusiwi mtu kuingia, lakini kandili inaendelea kuwaka mpaka huko chini kwenye kama 16, ambako akili yako ishaanza kuyumba na wewe hujijui. Halafu kandili haitambui sumu. Karo linatoa ile gesi ya harufu ya yai bovu, ni nzito, inakaa chini, na ubaya wake ikiwa nyingi inaiua pua, unaisikia mara ya kwanza halafu huisikii tena, unasema aah imeondoka, kumbe imezidi. Na karo hilo hilo linatoa gesi inayolipuka, sasa wewe unaiteremshia moto.

Kalegea, kichwa kinamgonga, ile ni dalili kuwa alikuwa karibu sana. Apelekwe hospitali aangaliwe hata kama sasa anajiona mzima.

Kinachoniuma zaidi kwenye kazi hii ni ndugu wa pili. Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa tahadhari mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa ndani ya sehemu za namna hii ni waliokwenda kuokoa. Zaidi ya nusu! Kaka anaanguka, mdogo wake anaruka kumtoa, jirani anaruka kuwatoa wote wawili. Ni mapenzi, hakuna anayefikiri, na hewa iliyomuangusha wa kwanza iko pale pale inawangoja.

Kwa hiyo kibali cha kuingia ndani ya shimo kinaanza na kipimo, kile kimashine kidogo cha gesi. Kinateremshwa kwa mpira kutoka nje, kinapima juu, katikati na chini, kwanza oksijeni, halafu gesi za kulipuka, halafu sumu. Gesi ya kulipuka ikifika asilimia 10 ya kile kiwango inachoanzia kushika moto, hakuna kuingia. Na hakipimwi mara moja tu asubuhi, aliyeingia anakaa nacho kifuani muda wote, maana ukilitibua lile tope chini gesi iliyokuwa imelala inaamka. Aliyeko nje hatoki mlangoni na haingii hata iweje. Aliyeingia kavaa mkanda wa mwili mzima na kamba yake imefungwa juu kwenye stendi ya miguu mitatu yenye roda, ili akilegea avutwe na mtu aliyeko nje. Kamba inafungwa kabla, ukishaanguka hakuna wa kuja kukufunga.

Mtasema sisi watu wawili tu vifaa hivyo tutavipata wapi. Basi makaro msiingie. Liitwe gari la kunyonya, lililobaki lisuguliwe na kupigwa maji kutoka juu kwa miti mirefu. Ikiwa aliyekuiteni ni hoteli au kiwanda, huo mzigo ni wake, yeye atoe kipimo, atoe kibali, aweke mtu wake mlangoni, na asipotoa kazi hiyo si ya kuchukua kwa bei yoyote. Visimani, ile pampu ya petroli isiteremshwe chini wala isiwekwe mdomoni pa kisima mtu akiwa ndani, moshi wake una gesi isiyo na harufu kabisa inayoua kimya kimya. Na likitokea la kutokea, vuta kamba, piga kelele, waite Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, lakini miguu yako ibaki juu.

Mwalimu, nafanya shifti ya usiku kiwandani. Ramadhani shifti zinabadilika, watu wanatoka mbio kuwahi futari, tukiingia tunakuta vibali viko wazi mezani na wenyewe washaondoka. Kuna haja gani ya kukabidhiana uso kwa uso wakati kila kitu kimeandikwa?

Kijana wangu, nitakujibu kwa kisa cha kweli. Tarehe 6 Julai 1988 kwenye mtambo wa mafuta na gesi wa Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini huko Uingereza, kulikuwa na pampu mbili, A na B. Mchana pampu A ilisimamishwa kwa matengenezo, na valvu yake ya usalama ikafunguliwa ikapelekwa kushughulikiwa, pale ilipokuwa pakazibwa kwa sahani ya chuma. Kulikuwa na vibali viwili tofauti, kimoja cha pampu na kimoja cha valvu. Jioni kazi ya valvu haikwisha, na habari yake haikuwafikia wa usiku.

Kama saa nne kasorobo usiku pampu B ikazima ikakataa kuwaka. Watu wa zamu wakatafuta, wakakiona kibali cha pampu A, wakaona matengenezo yenyewe hayajaanza kwa hivyo inaweza kurudishwa. Cha valvu hawakukiona. Wakaiwasha. Gesi ikatoka pale penye sahani, saa nne mlipuko. Walikufa watu 167. Uchunguzi wa Jaji Cullen uliotoka mwaka 1990 uliutazama mfumo wa vibali wa mtambo ule kwa undani, na viwanda vingi duniani vilibadilisha utaratibu wao baada ya hapo.

Ushaona, kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Kilichokosekana ni mtu kumwambia mwenzake kwa mdomo, “ile A msiiguse, valvu haipo”. Basi nyinyi Ramadhani pangeni shifti zipishane, wa usiku waingie nusu saa kabla ya magharibi, wakabidhiane wakiwa wametulia, wafuturu baada ya hapo, na kiwanda kiwapelekee tende na maji pale pale wanaobaki. Vibali vya kazi moja mviunganishe kwa pini na muandikiane namba zake, cha pampu kitaje cha valvu na cha valvu kitaje cha pampu. Kazi ambayo haitakwisha kabla ya saa kumi na moja za jioni usiianze. Na mlinzi wa moto akitaka kwenda kufuturu abadilishwe na mtu, asiondoke kwa kusema narudi sasa hivi.

Je hapa Zanzibar sheria ipo, au hizi ni kanuni za wazungu wa mafuta?

Ipo, na ni yetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ni Namba 8 ya mwaka 2005, mbali na ile ya Tanzania Bara ya 2003. Mzigo wa kuweka sehemu ya kazi salama umebebwa na mwajiri. Ukifanya kazi na wakandarasi usijifiche nyuma yao, eneo ni lako na hatari za eneo unazijua wewe.

Sisi vibali tunatumiana WhatsApp, fundi anapiga picha fomu, bosi yuko mjini anajibu “ok”. Na la pili, tuko Wete, tuna jenereta na sola, tukitaka kufungua bodi kibali kiandikwe vipi?

La WhatsApp, picha ni nzuri kwa kuonyesha, mpigie bosi hata video aone. Lakini “ok” ya mtu aliyekaa mjini hajasikia harufu wala hajaona waya uliochubuka, hiyo usiiite kibali. Aliyepo hapo apewe mamlaka ya kutoa, asomeshwe, na bosi amwamini. Kama hapo hakuna wa kuaminiwa basi kazi ya hatari haifanywi siku hiyo.

La umeme nitalisema kidogo kwa kirefu maana visiwani kwetu lina sura yake. Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari, wa Unguja kutoka upande wa Dar es Salaam na wa Pemba kutoka Tanga tangu 2010, na watu wazima wote wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Baada ya hapo kila mwenye uwezo akanunua jenereta, na siku hizi sola zimefata. Matokeo yake bodi moja ina umeme unaoingia kutoka njia tatu, na fundi wetu bado ana mazoea ya kuzima swichi moja kuu akasema basi.

Jenereta nyingi zinawaka zenyewe umeme ukikatika. Yaani wewe umezima kuu, mashine inadhani umeme wa shirika umekatika, inahesabu sekunde zake inajiwasha, na wewe mikono iko ndani ya bodi. Kibali chenu basi kiwe na mistari ya kila njia kwa jina lake: umeme wa shirika, jenereta, sola na betri zake. Kwenye jenereta usiishie kuweka swichi kwenye “ofu”, toa waya wa betri ya kuwashia. Kwenye sola kumbuka paneli zikipigwa na jua hazizimiki, utakata upande wa paneli na upande wa betri vyote viwili, na ile waya ya kutoka paneli mpaka kwenye swichi yake itabaki na umeme mchana kutwa, iandikwe hivyo kwenye kibali kwa herufi kubwa.

Kila njia ifungwe kwa kufuli, si kwa karatasi ya “usiwashe” peke yake. Mafundi wakiwa watatu makufuli yawe matatu, kila mtu lake na ufunguo mfukoni mwake, asiwepo wa kumfungulia mwenziwe hata akiwa amekwenda kusali, anangojwa. Na mkishafunga, kabla hujagusa waya, chukua testa yako uijaribu kwanza mahala unapojua pana umeme uone inafanya kazi, ndo upime waya zote za kwenye bodi moja moja, halafu urudi uijaribu tena pale pale pa mwanzo uhakikishe haijafa katikati.